Aliyekosa Bila Kujua, Je, Ana Deni?

Katika mabaraza yetu husikika mara nyingi neno hili, "Sikujua." Mtu akiisha kulisema, wengi huona ya kuwa shauri limekwisha, na yule aliyepata hasara hurudi nyumbani kwake mikono mitupu, pengine akiombwa asiwe na moyo mgumu. Mwezi huu twataka kulichungua neno hilo. Wala hatutalichungua kwa mbali, kwa kuwa sisi wenyewe tulijifunika nalo, na jambo lenyewe lilikuwa dogo mno machoni pa watu. Lilikuwa habari ya mbegu za pilipili hoho, kiasi cha kijiko kimoja, zilizofungwa katika kipande cha karatasi.

Kwanza imetupasa kueleza jinsi mbegu hizo zilivyopatikana, maana asiyeijua kazi ya hoho hatatambua kosa liliingilia wapi.

Atakaye kuotesha hoho nyumbani hahitaji shamba kubwa. Kopo la zamani lililotobolewa chini latosha kuwa kitalu, likitiwa udongo mweusi, mchanga kidogo, na samadi iliyooza kabisa. Mbegu hufukiwa kwa kina kisichozidi sentimeta moja, tena hunyunyiziwa maji kidogo kidogo, kwa sababu udongo ukilowa mno miche hushikwa na kinyausi, shina likaoza penye udongo na mche ukalala chini asubuhi kana kwamba umekatwa. Penye joto mbegu huchipuka kwa siku 8 hata 14. Kwetu milimani Usambara, katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, huweza kukaa majuma matatu na zaidi, na wengi humwaga udongo wakidhani mbegu zimekufa. Sisi hulileta kopo karibu na jiko wakati wa usiku. Watoto hucheka, lakini mbegu huota. Baada ya majuma sita au manane miche huhamishiwa bustanini, mmoja mbali na mwenzake kwa sentimeta 45 hivi, na baada ya miezi miwili na nusu tangu kuhamishwa, matunda ya kwanza huwa tayari kuchumwa.

Tayari kwa kuliwa, twasema, si tayari kwa mbegu. Hapa watu wengi hukosea. Wao hudhani ya kuwa hoho ya kijani ni aina moja, na hoho nyekundu ni aina nyingine. Kumbe mara nyingi ni tunda lile lile, ila la kijani limechumwa kabla ya kuiva. Mbegu zilizo ndani ya tunda la kijani kwa kawaida hazijakomaa, na mtu akizipanda, nyingi hazitaota. Atakaye mbegu hana budi kuliacha tunda juu ya mti majuma mawili, matatu au hata zaidi, mpaka liwe jekundu lote. Tena haifai kuacha lile dogo lililopinda, ambalo hakuna alitakaye mezani; yafaa kuacha lile lililo bora katika mti ulio bora. Kila siku jikoni huulizwa kwa nini tunda zuri namna ile halichumwi, nasi kila siku hujibu, "Lile ni la mbegu." Hatukatai ya kuwa tulijiona watu wenye hekima kwa jibu hilo.

Basi katika mwaka 2022 tuliyaacha matunda matatu mazuri yakaiva kabisa. Tuliyakata mwezi wa kumi, tukazitandaza mbegu zake kivulini juu ya sahani, tukazikausha. Nyama ya matunda tuliila. Ilikuwa tamu, wala haikuwasha hata chembe. Mwezi wa pili wa mwaka 2023 jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuja kutuomba mbegu, tukampa tukisema, "Panda tu, Mama, hizi ni tamu, tumezila wenyewe."

Alizipanda wakati wa masika. Alipata miche arobaini hivi, akaitunza kuliko sisi tulivyotunza yetu, akachota maji kijitoni kila jioni mvua zilipokatika. Mwezi wa nane alipeleka kikapu chake cha kwanza sokoni Lushoto. Mnunuzi mmoja alirudi naye akiwa na hasira, maana alikuwa ameikatia hoho katika chakula cha mtoto, na mtoto amelia. Yule mama alizionja moja moja. Katika miti ile arobaini, tisa ilikuwa na matunda yawashayo. Kwa kuyatazama, matunda yale yalikuwa madogo kidogo na marefu kidogo kuliko mengine, lakini yalipokuwa yamechanganyika kikapuni nani angeyatambua? Wanunuzi walikikataa kikapu chote.

Jumapili iliyofuata alitujia nje ya kanisa na kikapu mkononi. Akasema kwa upole, "Mwalimu, zile mbegu zako zinawasha." Palikuwa na wazee, palikuwa na akina mama wa kwaya. Nasi, pasipo kufikiri, tukamjibu mbele yao wote, "Hapana, Mama. Mbegu zetu ni tamu. Labda umezinyima maji, maana hoho ikiona kiu huwa kali." Hakujibu neno. Alikifunika kikapu kwa upande wa khanga yake, akaenda zake.

Tuliyasema hayo kwa moyo mweupe, maana ndivyo tulivyosikia kwa wazee na ndivyo tulivyosadiki. Mwezi ule ule tulimpelekea bwana shamba matunda mawili, tukitaka atuthibitishie. Aliyakata, akanusa, kisha akauliza swali moja tu, "Mwaka ule mlipokuza mbegu, kulikuwa na pilipili kali karibu?" Tukamwambia naam, ulikuwako mstari mmoja wa zile ndefu nyembamba, kandokando ya hoho. Yeye akatikisa kichwa, akatueleza.

Ua la hoho huweza kujizalisha lenyewe, na mara nyingi hufanya hivyo. Lakini nyuki naye hulitembelea, akiwa amebeba unga wa maua mengine, ambao siku hizi huitwa chavua. Nyuki akitoka penye pilipili kali akatua juu ya ua la hoho, mbegu itakayozaliwa huwa na baba mwingine. Na hili ndilo lililotushangaza, kwamba tunda lenyewe halibadiliki. Nyama ya tunda ni ya mti wa mama, nayo hubaki tamu. Mchanganyiko umo katika mbegu peke yake, wala hauonekani mpaka mbegu hiyo ipandwe, ikue, izae. Zaidi ya hayo, ukali una nguvu kuliko utamu katika urithi wa pilipili, hata mzazi mmoja akiwa mkali, mtoto huwa mkali. Mwaka 1912 Mmarekani aitwaye Wilbur Scoville alibuni njia ya kupima ukali wa pilipili kwa ulimi, na katika kipimo hicho hoho tamu huhesabiwa sifuri. Ulimi wetu nao ulisoma sifuri, na haukusema uongo. Ila ulipima tunda, haukupima mbegu.

"Na ile habari ya kiu?" tukauliza. Bwana shamba akasema kwamba kiu huweza kuzidisha ukali katika pilipili iliyo kali tangu asili. Hoho tamu ya kweli haina kitu cha kuuzalisha ukali ule, hata ikaukie bustanini haitawasha. Basi yule mama hakuwa na kosa lo lote katika jambo la maji.

Sasa twaja kwenye swali letu. Je, tulikuwa na deni?

Rafiki yetu mmoja, mtu mwenye busara, alitutetea kwa nguvu. Alisema mbegu zilitolewa bure. Aliyepewa bure hawezi kudai. Tukamwuliza, "Ni nini kilichotolewa bure?" Mbegu hazikuwa na bei, ni kweli. Lakini kitalu, samadi, maji ya kijitoni, na miezi ile mitano ya mwanamke aliye peke yake na watoto, hivyo vyote vilikuwa na bei, naye alivilipa kwa kuliamini neno letu. Mtu akimwelekeza mgeni njia ya bure, mgeni akapotea siku nzima porini, hatuwezi kusema ya kuwa hajapoteza kitu.

Akasema tena, mwenye kosa ni nyuki, na nyuki hana bwana. Hapa alitupa kazi ya kufikiri, na twakiri ya kuwa neno lake si la kudharauliwa. Katika vijiji vyetu desturi ni wazi. Mbuzi wako akikata kamba usiku na kula mahindi ya jirani, hakuna akuitaye mwizi, wala hakuna asemaye ulikusudia. Hata hivyo asubuhi huendi kwa jirani na kumwambia, "Mbuzi hakujua." Waenda kutazama mahindi yaliyoliwa. Lawama ni jambo moja, deni ni jambo jingine, na mtu huweza kuwa na la pili pasipo kuwa na la kwanza. Lakini nyuki si mbuzi. Hatukumfuga, hatukumfunga kamba. Kama tungekuwa tumempa mama yule mbegu tu na kunyamaza, huenda tungeweza kusema kwamba jambo lililompata ni kama mvua ya mawe, ambayo majirani husaidiana kwa ajili yake pasipo mtu kudaiwa.

Ila hatukunyamaza. Tulisema, "Hizi ni tamu." Nyuki hakuwa wetu, lakini neno lile lilikuwa letu. Tulichokijua ni kwamba matunda tuliyokula yalikuwa matamu. Tukalinyosha neno likafika mpaka kwa matunda ambayo hayajawa, katika shamba la mtu mwingine, mwaka mwingine. Yule mama hakupanda mbegu zetu kwa sababu ya rangi zake, maana mbegu ya hoho tamu na ya pilipili kali hazitambulikani kwa macho. Alipanda ahadi. Kwa hiyo twaona ya kuwa deni lilikuwako, nalo lilitoka katika kusema zaidi ya tulivyojua.

Mtu atauliza, "Je, ninyi mngeweza kujua?" Swali hili ndilo lililotuuma kuliko yote. Bwana shamba alikuwa amekaa katika kata yetu miaka miwili. Twamsalimu kila juma. Kama tungemwuliza siku moja jinsi ya kutunza mbegu, angetuambia kwa dakika tano. Hatukuuliza, kwa sababu tulijiona twajua. Yuko mtu asiyejua kwa kuwa hakuna ajuaye, na yuko asiyejua kwa kuwa ameketi karibu na ajuaye na kufunga kinywa. Haifai hao wawili kukaa katika kivuli kimoja.

Twaweza kuliona jambo hili katika habari ya tumbaku, nayo haiko mbali na hoho. Majani ya tumbaku hupatwa na ugonjwa wa mabakamabaka, na ugonjwa huo huingia hata katika hoho. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky aliona ya kuwa maji ya majani yenye ugonjwa, hata yakichujwa kwa chujio lizuialo bakteria, bado huambukiza. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akasema kisababishi ni kitu cha namna nyingine, akakiita virusi. Baadaye ikajulikana ya kuwa mtu aliyeshika tumbaku huweza kuuchukua ugonjwa huo vidoleni mwake mpaka kitaluni. Ni wazee wangapi, miaka iliyotangulia, walisokota tumbaku yao kibarazani, kisha wakaenda kupunguza miche ya jirani kwa wema, na miche ikaugua? Hao tutawahukumuje? Lakini mtu wa leo aliyekwisha ambiwa, akaona uvivu kunawa kwa sabuni, huyo akisema "Sikukusudia," tutamjibu kwamba maji na sabuni vilikuwa pale.

Baada ya bwana shamba kutueleza, ilitupasa kwenda kwa yule mama siku ile ile. Hatukwenda. Zilipita Jumapili mbili. Tulijiambia kwanza tupate fedha ya kumlipa, kisha tukajiambia mvua inyeshe, kisha kwamba labda amesahau. Katika siku hizo kumi na nne hatukuwa tena watu wasiojua, na kila siku iliyopita ilikuwa kosa jipya, tofauti na lile la kwanza, lisiloweza kumwangukia nyuki ye yote.

Mwisho tulikwenda, tukiwa na pakiti ya mbegu ya dukani na fedha kidogo katika bahasha. Alitupokea vizuri, akatupa kiti. Tukamweleza habari ya nyuki yote tangu mwanzo. Alisikiliza, akacheka kidogo juu ya mbegu kuwa na baba mwingine. Kisha akaisukuma bahasha kwetu, akasema, "Mwalimu, zile kali nimekwisha kuziuza kwa walao kali. Hasara yangu haikuwa kubwa. Lakini tangu siku ile wenzangu wananiita mvivu wa maji."

Tulikuwa tumepiga hesabu ya kikapu, naye alikuwa anadai jina lake. Nasi tulilichukua jina hilo mbele ya watu, kwa kauli moja isiyo na uhakika, ili kulinda sifa ya mbegu zetu. Deni la namna hii halilipwi katika bahasha wala faraghani. Jumapili iliyofuata, mahali pale pale nje ya kanisa, tuliwaita wazee na akina mama wa kwaya, tukasema ya kuwa mama huyu alimwagilia shamba lake vema, na kwamba ukali ulitoka bustanini kwetu, na sababu yake ni hii na hii. Baadhi walicheka. Mzee mmoja alibisha habari ya nyuki, na hata leo anabisha. Mbegu za dukani alizipokea.

Wasomaji wengine watasema, "Basi, kama kutoa mbegu kuna hatari hivi, afadhali kila mtu anunue zake." Hatukubali. Mbegu iuzwayo ina watu wa kuisimamia. Sheria ya Mbegu ya Tanzania ya mwaka 2003 iliwekwa ili anunuaye asidanganywe. Lakini si kila mtu ana fedha ya pakiti kila msimu. Tena pakiti nyingi siku hizi ni za mbegu chotara, ambazo hata ukizitunza kwa bidii, kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza. Tangu zamani watu wa mashamba wameishi kwa kupeana mbegu juu ya ua, na kama woga ukiwafunga mikono, maskini ndio watakaokosa kupanda. Yatosha atoaye aseme kile akijuacho pamoja na kile asichokijua. Sisi leo twasema, "Tunda la mama lilikuwa tamu, pilipili kali ilikuwako hatua kumi, onja kabla ya kuuza." Maneno hayo hayapendezi kama "Hizi ni tamu," lakini mpandaji huyajua mashaka yake kabla ya kuchota maji.

Na kwa mti wa mbegu, twafunika tawi moja kwa kipande cha chandarua kabla maua hayajafunguka, twalitikisa kidogo ili ua lijizalishe, na tunda likiisha kushika twaondoa kifuniko na kulifunga uzi mwekundu kama alama. Ni kazi ya dakika chache. Aibu yetu yote ingalizuiwa na kipande cha chandarua kilichochanika.

Neno moja limebaki, nalo hatujui la kulifanya. Siku tulipokwenda kwa yule mama, alitukumbusha ya kuwa mbegu tulizompa hakuzipanda zote. Nusu alimpelekea dada yake Korogwe. Tukampigia dada yake simu siku ile ile. Alikuwa bado hajapanda, alingoja vuli, akatushukuru, akasema ataziweka mbali na jikoni ili mtu asizipande kwa kosa. Kisha akakumbuka ya kuwa sehemu yake alikuwa amemgawia mwanamke mmoja waliyekaa naye sokoni, akimngoja basi. Walizungumza habari za bustani, wakapendana, akamfungia mbegu katika pembe ya kitambaa. Tuliuliza jina lake, hakulijua. Tuliuliza alikuwa akienda wapi, akasema basi lilikuwa la njia kuu, na hizo huenda pande zote mbili. Jambo moja alilikumbuka vizuri, kwamba alimwambia mbegu hizo ni tamu, zimetoka kwa mwalimu.